FIDIA YA ALIYEUMIA KAZINI, NA KALAMU YA KARANI



Habari tuiletayo katika ukurasa huu si ya mishahara wala ya kupandishwa vyeo, ambayo twajua ndiyo itafutwayo kwanza kila gazeti letu linapofika. Ni habari ya mtu aliyetoka nyumbani kwake asubuhi akiwa mzima, na jioni akarudishwa amebebwa. Na habari ya mkewe, na watoto wake, na mama yake mzee aliyekuwa akipelekewa chochote kila mwisho wa mwezi. Twaileta kwenu kwa sababu moja. Baada ya daktari, mtu wa pili ashikaye riziki ya jamaa hawa mkononi mwake si waziri wala hakimu. Ni karani. Na makarani ndio sisi.

Hapana haja ya kueleza kwa urefu ajali za kazi ni nini. Mpanda nguzo za umeme, dereva wa safari ndefu na utingo wake, mpasua mbao, mchimba mgodi, muuguzi achomwaye na sindano iliyokwisha tumika, hata mjumbe wa ofisi apitaye barabarani juu ya pikipiki na bahasha za serikali kifuani: wote hawa kazi yao ina mlango wa kutokea usiotazamiwa. Jambo la kutazamwa ni hili: mtu akisha kupita katika mlango ule, ni nani atakayemlisha?

Zamani jibu lilikuwa jepesi na baya. Hakulishwa na mtu, ila akiweza kushitaki na kushinda. Huko Uingereza mwaka 1837 kijana mmoja, mtumishi wa muuza nyama, alivunjika paja kwa sababu gari alilopanda lilikuwa limepakiwa kupita kiasi likavunjika. Akamshitaki tajiri wake. Mahakama ya juu ikamnyima, ikasema mtumishi ajua hatari za kazi yake kama tajiri ajuavyo, na asiyezitaka na aiache kazi. Hukumu ile ilitawala muda mrefu, na wengi walioumia baada yake waliipata adhabu yake pasipo kumjua kijana yule wala paja lake.

Njia nyingine ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1884. Sheria yao ya bima ya ajali haikuuliza kosa ni la nani. Deni la fidia halikuwekwa juu ya tajiri mmoja mmoja, bali matajiri wa kazi za namna moja walitiwa katika chama kimoja wakachanga pamoja. Na mtu aliyelemaa kabisa alipewa sehemu mbili katika tatu za mshahara wake, si mara moja, bali maadamu yu hai. Waingereza wakafuata mwaka 1897 kwa sheria yao wenyewe, ambayo iliacha deni juu ya kila mwajiri peke yake. Na hapa twapenda kusema neno moja kando. Wajerumani waliingia nchi hii mwaka 1885, mmoja tu baada ya kutunga sheria ile. Walakini sheria yao haikuvuka bahari pamoja nao kwa ajili ya watu waliolaza mataruma ya reli kutoka Dar es Salaam hata Kigoma, kazi iliyokwisha mwaka 1914. Waliokufa katika kazi ile hawakuacha pensheni.

Tanganyika ilipata sheria yake ya fidia ya wafanyakazi mwaka 1949, kwa mfano wa Waingereza. Ilikuwa afadhali kuliko kukosa, lakini ilikuwa na udhaifu wa namna mbili. Aliyepaswa kulipa alikuwa mwajiri mwenyewe, au kampuni ya bima kwa niaba yake. Basi mwajiri akifilisika au akihama, mtu hubaki na karatasi. Tena malipo yalikuwa ya mara moja, na yalikuwa na ukomo uliotajwa kwa shilingi. Sasa shilingi ina miguu, bali ukomo ulioandikwa katika sheria umeketi kitako. Miaka ikapita, bei zikapanda, ukomo ukabaki nyuma mbali sana, hata ilipofika siku ya kuiondoa sheria ile, fedha zilizotajwa zilikuwa kama dhihaka kwa mtu aliyepoteza miguu miwili.

Sheria iliyoshika mahali pake Tanzania Bara ni ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwayo ulianza kazi mwaka 2015. Twaomba kila mwanachama aielewe sheria hii vema kama aelewavyo kanuni za likizo yake, kwa kuwa yawahusu watumishi wa serikali na wa makampuni pia. Mchango watolewa na mwajiri peke yake. Haifai hata senti moja kukatwa katika mshahara wa mfanyakazi kwa ajili yake. Serikali ilianza kwa nusu ya sehemu moja katika mia, na makampuni kwa sehemu nzima. Lakini makampuni yakapunguziwa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, hata sasa wote ni sawa, yaani senti 50 katika kila shilingi 100 za mshahara.

Na aliyeumia hupata nini? Kwanza matibabu. Pili, akiwa hawezi kazi kwa muda, hupewa sehemu 70 katika 100 za mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Lakini shabaha yetu leo ni wale walioumia vibaya, ambao mwisho wa miezi hiyo hauwarudishi kazini. Hao hupimwa, na ulemavu wao huandikwa kwa sehemu za mia. Aliyepoteza mikono yote miwili, au nuru ya macho yote mawili, au asiyeweza kuinuka kitandani tena, huyo ni mia kwa mia. Ulemavu usiozidi sehemu 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi 30, mtu hulipwa pensheni ya kila mwezi katika maisha yake yote.

Na tupige hesabu, maana karani huamini tarakimu kuliko maneno. Tuseme mtu alikuwa na mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Akilemaa kabisa, pensheni yake ni sehemu 70 katika 100, yaani shilingi 420,000 kila mwezi. Akiwa na ulemavu wa sehemu 50, hupata nusu ya hizo, yaani shilingi 210,000. Akiwa na ulemavu wa sehemu 20 tu, hesabu hufanywa kwa miezi 84: zile 420,000 mara 84, kisha sehemu 20 katika 100 za jumla, nazo ni shilingi 7,056,000, akazipokea mara moja basi. (Yako mapaa na sakafu yaliyowekwa na Waziri ili mwenye mshahara mdogo mno asiangamie na mwenye mkubwa mno asizidishe, hayo tunayaacha.)

Hapo ndipo tunapotaka wanachama wasimame kidogo. Angalieni ya kuwa hesabu yote hii imejengwa juu ya tarakimu moja, nayo ni mshahara. Si mshahara alioahidiwa kwa mdomo, wala ule aliopewa mkononi siku ya Jumamosi na kuhesabiwa mezani, bali ule unaoweza kuthibitishwa kwa maandishi. Sasa kila mmoja wetu aliyekaa katika chumba cha hesabu amepata kusikia neno hili likinong'onwa: “Andika nusu, nusu nyingine tutaiita posho.” Mwajiri asemaye hivyo aghalabu hafikirii ajali hata kidogo. Afikiria kodi na michango. Naam, na tumhesabie faida yake. Kwa mtu yule wa shilingi 600,000, mchango wa Mfuko ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Akiandikwa 300,000, mchango ni 1,500. Mwajiri ameokoa shilingi 1,500, bei ya kula mama lishe mara moja. Lakini siku ile mashine itakapomkata mtu yule mikono yote miwili, pensheni yake itatafutwa katika kitabu, nayo itatoka shilingi 210,000 badala ya 420,000. Na upungufu huo haukomi mwezi ule, wala mwaka ule. Kijana wa miaka 25 aweza kuishi miaka 40 akipokea nusu ya haki yake, kila mwezi, kwa sababu ya tarakimu moja iliyoandikwa na mkono uliokuwa na vidole vyake vyote.

Hatusemi kwamba karani ndiye aliyeutunga udanganyifu. Twajua shida ya mtu mwenye bosi. Lakini twasema kwamba karani aliye macho aweza mengi kabla mambo hayajaharibika. Aweza kumwambia mwajiri hesabu hii tuliyoiandika hapa, kwa heshima na kwa tarakimu, maana waajiri wengi hawajaiona. Aweza kumwonyesha mfanyakazi karatasi yake ya mshahara, akamweleza kila mstari, badala ya kumpa aitie mfukoni ikaloane na jasho. Wa kuhofiwa zaidi ni kibarua wa siku, ambaye jina lake huandikwa katika daftari la rejareja kwa kalamu ya risasi, na pengine haliandikwi jina bali idadi tu: “vibarua 12.” Akiumia mmoja wa hao kumi na wawili, ni nani atakayesimama na kusema ndiye? Daftari halimjui.

Liko jambo jingine katika sheria ambalo watu wengi hawalijui, nalo kwa maoni yetu ndilo lenye huruma kuliko yote. Mtu akiumia hata akawa hawezi kujifanyia mambo ya lazima ya maisha, yaani kula, kuoga, kuvaa, kujigeuza kitandani, basi juu ya pensheni yake huongezwa malipo kwa ajili ya yule anayemhudumia. Kiasi chake ni sehemu 40 katika 100 za pensheni. Kwa mtu wetu wa shilingi 420,000, nyongeza hiyo ni shilingi 168,000 kwa mwezi.

Fikirini maana yake. Mtu akivunjika uti wa mgongo, si yeye peke yake aliyeacha kazi. Mkewe aliyekuwa akiuza vitumbua au akilima bustani ameiacha biashara yake. Hawezi kutoka nyumbani zaidi ya saa moja, kwa kuwa mgonjwa lazima ageuzwe ili asifanye vidonda. Binti mkubwa ameanza kukosa shule siku za Ijumaa, kisha na Alhamisi. Katika desturi zetu kazi hii haikupata kuhesabiwa kuwa kazi. Huitwa wajibu, na mwenye kuitenda husifiwa msibani. Sheria imeiita kazi na kuiwekea malipo. Lakini fedha hizi hazijileti zenyewe. Huna budi kuzidai, na daktari hana budi kuandika kwa maneno yasiyo na utata kwamba mtu huyu ahitaji mhudumu daima. Tumepata kuona karatasi ya daktari iliyosema tu “amepooza miguu.” Aliyeandika alidhani amemaliza. Jamaa wa mgonjwa wakazunguka miezi kadhaa kutafuta sentensi moja zaidi.

Kadhalika sheria yataja huduma za utengamao, yaani kumrudisha aliyelemaa katika hali ya kujitegemea: mazoezi ya viungo, kufundishwa kazi nyingine, na kusaidiwa kuishi tena na watu. Mfundi seremala aliyepoteza mguu aweza kufundishwa kazi ya kuketi. Hapa waajiri wa serikali wangeweza kuwa mfano, wakitaka. Katika ofisi zetu ziko kazi nyingi za kuketi, nasi tulio humo tunajua.

Na akifa? Sheria hutoa msaada wa mazishi, kisha hutazama waliomtegemea. Hesabu yao huanzia katika pensheni ile ambayo marehemu angeipata kama angelemaa kabisa. Mjane, au mume aliyefiwa, hupata sehemu 40 katika 100 za pensheni hiyo. Kila mtoto sehemu 20. Na jumla yao haizidi mia. Basi yule mtu wetu akiacha mke na watoto watatu, mama hupata shilingi 168,000 na kila mtoto 84,000, jumla 420,000, imetimia barabara. Watoto wakiwa wengi kuliko hao, hugawana ile ile.

Katika jambo hili la wategemezi ndiko majina yanakoleta msiba wa pili. Marehemu kazini aliitwa kwa jina la ubatizo na la babaye. Nyumbani alijulikana kwa jina la babu. Cheti cha ndoa kina herufi moja iliyokosewa. Mtoto wa tatu hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu alizaliwa kijijini wakati wa mavuno. Wako na wenye wake wawili ambao ofisini waliandika mmoja. Tumemwona mjane wa utingo mmoja akienda na kurudi ofisini, kila mara na karatasi moja zaidi, ili kuthibitisha kwamba mtu aliyekufa na mtu aliyemwoa ni mtu mmoja. Hakuwa akimdanganya mtu yeyote. Ni kwamba siku mumewe alipoajiriwa, karani alikuwa na haraka, akaliandika jina kama alivyolisikia, na sehemu ya wategemezi akapiga mstari.

Dakika tano siku ya kuajiriwa zingetosha. Tunawaomba wanachama wanaoshughulika na mafaili ya watumishi wasipige mstari ule tena. Na kila mtumishi aulizwe upya walau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa watu huoa, huzaa na kufiwa bila ya kuiarifu ofisi.

Kisha kuna siku. Sheria ni kali juu ya siku. Mwajiri akisha kupata habari ya ajali, ana siku 7 za kuupelekea Mfuko taarifa. Ikiwa ni ugonjwa utokanao na kazi, siku 14. Na madai yasipoletwa katika miezi 12, haki yaweza kupotea kabisa. Siku saba ni chache kuliko zionekanavyo. Ajali ikitokea Ijumaa jioni, Jumatatu mkubwa yuko safarini, Jumanne fomu imetiwa katika trei ya kungoja sahihi, Alhamisi trei imefunikwa na mafaili mengine, na siku zimekwisha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Basi tunashauri taarifa ya ajali isingoje trei. Ichukuliwe mkononi, kama tuchukuavyo telegramu za msiba zamani zile.

Wako wasemao kwamba mfanyakazi mzembe hastahili fidia, na kwamba tukimpa tunafundisha uzembe. Neno hili twalisikia hata miongoni mwetu. Sheria imelijibu kwa namna tunayoiona kuwa ya haki. Kwa desturi haiulizi nani alikosea. Mtu aliyejiumiza kwa utovu mkubwa wa kanuni, tena kwa kusudi, aweza kunyimwa. Lakini hata huyo, akilemaa vibaya, au akifa na kuacha waliomtegemea, mlango haufungwi. Maana watoto wake hawakuivua ile kofia ya chuma.

Ubishi mwingine ni juu ya mkupuo na pensheni. Wengi wangependa fedha zote kwa mara moja, nasi tunawaelewa: mtu awe na kitu cha kushika, ajenge, au anunue bajaji. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, humlipa aliyelemaa kabisa jumla ya mishahara ya miezi 96. Ni fedha nyingi kwa siku moja. Lakini sisi tumeishi na jamaa zetu. Twajua fedha nyingi zikiingia nyumba yenye mgonjwa, huja wajomba ambao hawakuja hospitali. Mgonjwa wa kitandani hawezi kusimamia bajaji, wala kumfukuza mtu mlangoni. Miezi 96 ni miaka 8, na aliyeumia akiwa na umri wa miaka 25 atakuwa na miaka 33 itakapokwisha. Kwa aliyeumia vibaya, twaona pensheni ya mwezi ni bora. Hata hivyo nayo ina adui yake, ni ule ule uliokula sheria ya 1949, yaani kupanda kwa bei. Na pensheni isiyopandishwa mara kwa mara itakuja kuwa ndogo polepole bila ya mtu kuipunguza. Vyama vya wafanyakazi havina budi kulisema jambo hili kila vinapopata nafasi, na chetu kimo.

Makatibu wa matawi tunawaomba, kabla ya mkutano ujao, kila mmoja achukue orodha ya mishahara ya mahali pake aitazame kwa mambo matatu: jina kama lilivyo katika kitambulisho, mshahara kamili, na wategemezi. Palipo na kasoro, iandikwe na kupelekwa kwa mkuu wa kazi kwa barua ya adabu, na nakala ibaki katika faili la tawi. Mwanachama ambaye yeye au jamaa yake ameumia kazini na hakuridhika na uamuzi uliotolewa, ajue kwamba sheria imempa haki ya kuupinga. Asikae nyumbani akilalamika. Fomu za madai hupatikana katika ofisi za Mfuko na katika mtandao wake. Asiyeweza kuzipata na amwone katibu wa tawi, naye katibu asimwambie arudi kesho.